Efekti Zinazokula Uwazi: Kwa Nini Weusi Unarudi Nyuma ya Waimbaji

SWALI

Kaka, habari za kazi. Nahariri video za kwaya hapa Mbeya. Safari hii nina waimbaji 14 wenye majoho meupe, tuliwarekodi ukumbini mbele ya kitambaa cha kijani. Nimetoa kijani, nyuma yao nimeweka ufukwe wa Matema, wakakaa vizuri kabisa. Shida inaanza nikiweka efekti. Nikiweka ile ya filamu ya zamani, yenye chembe na mikwaruzo, ufukwe wote unafunikwa na weusi. Nikiitoa na kuweka ukungu kidogo, ule wa kulainisha picha (blur), ufukwe unabaki lakini majoho yanapata pindo la kijivu. Tena nilipotoa MP4 ili mwenzangu aongeze maneno ya wimbo, akaniambia kwake nyuma ya waimbaji ni peusi tupu. Natumia programu ya bure kwenye kompyuta. Nifanye nini ili uwazi usipotee?

JIBU

Dada yangu, hayo ni magonjwa matatu yenye dalili zinazofanana, na ndiyo maana dawa moja haikukusaidia. Kwenye filamu ya zamani, uwazi umefutwa. Kwenye ukungu, uwazi upo lakini rangi zimechanganywa kwa hesabu isiyofaa. Kwenye MP4, uwazi haukupata hata pa kukaa ndani ya faili. Nitakwenda kwa mpangilio huo, na hilo la kati nitalikalia zaidi, kwa sababu linawatesa hata wahariri waliozeeka kwenye kazi hii.

Tuanze na pikseli yenyewe. Kila pikseli ya waimbaji wako ina namba nne. Tatu ni nyekundu, kijani na bluu. Ya nne inaitwa alfa, nayo inasema pikseli imeziba kiasi gani: 1 imeziba kabisa, 0 hakuna kitu, 0.5 nusu unamwona mwimbaji na nusu unaona ufukwe. Ulipotoa kijani, programu iliandika 0 kwenye namba ya nne ya kila pikseli ya kitambaa na 1 kwenye miili ya waimbaji. Kwenye nywele, kwenye vidole vinavyopiga makofi na kwenye ncha za majoho, ikaandika namba za katikati. Hizo za katikati ndizo kazi yenyewe. Mtu akiamini kwamba kwaya ilisimama Matema, ameaminishwa na zile pikseli chache za pembeni.

Wazo la kuibeba namba hiyo pamoja na rangi lilianza kwa Ed Catmull na Alvy Ray Smith mwishoni mwa miaka ya 1970, walipokuwa New York Institute of Technology. Jina walilichukua kwenye herufi ya Kigiriki iliyokuwa katika fomula ya kuchanganya picha mbili. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakachapisha makala iliyopanga hesabu zote za kulaza tabaka juu ya tabaka. Programu yako ya bure inafanya hesabu hizohizo hadi leo, na hesabu ya kulaza nitakayokuonyesha hapa imo kwenye makala ile ya 1984.

Sasa njoo kwenye efekti ya filamu ya zamani. Efekti ni kijiprogramu kinachopokea fremu na kurudisha fremu. Aliyekiandika alikuwa na uamuzi wa kufanya juu ya ile namba ya nne, na mara nyingi hakujua kwamba anauamua. Anaweza kuinakili kama ilivyo. Anaweza kuishughulikia pamoja na rangi. Anaweza kuandika 1 kila mahali. Au kijiprogramu chake kikawa hakiijui kabisa, kinapokea namba tatu na kurudisha tatu.

Uamuzi wa tatu nauona mara kwa mara kwenye sheda, yaani efekti zinazoandikwa kwa ajili ya kadi ya picha (shader). Mstari wa mwisho unatoa rangi, kisha unamalizia na 1.0 pale ambapo ilitakiwa irudishwe alfa iliyoingia. Mwandishi aliijaribu sheda yake kwa video iliyojaza skrini nzima, ikafanya kazi, akaiachia watu. Hakuwahi kuijaribu kwa mwimbaji aliyekatwa kwenye kijani.

Wa nne ni wa kimyakimya zaidi. Programu nyingi za bure hutegemea FFmpeg kwa ndani, programu ya kuchakata video kwa amri za kuandika. Humo kila kichujio, ndilo jina la efekti huko, hutangaza miundo ya pikseli kinayoijua. Kama kichujio hakijui miundo yenye alfa, FFmpeg yenyewe hubadilisha muundo kabla ya kukipa fremu, mathalani kutoka yuva420p kwenda yuv420p. Angalia tofauti: imedondoka herufi moja, a, na uwazi wote umeondoka nayo. Hukuona ujumbe wowote mwekundu kwa sababu kwa mashine hilo si kosa. Kuna pia viongezeo vya frei0r, ambavyo programu kadhaa za bure huvitumia. Hivyo hupokea namba zote nne, lakini kuirudisha ya nne salama ni juu ya aliyekiandika kila kimoja.

Kilichorudi nyuma ya waimbaji kinakwambia kilichotokea. Ukiona weusi, kama ulivyoona wewe, pikseli tupu zilikuwa zimehifadhiwa kama 0, 0, 0, 0, na ile 0 ya mwisho imegeuzwa 1. Nyeusi iliyoziba kabisa. Ukiona kitambaa cha kijani kimerudi, programu yako ilikuwa imeiacha rangi ya kitambaa chini ya alfa, na efekti imeifunua. Ukiona ufukwe upo lakini umefunikwa na utando mweupe wenye umbo la mstatili, alfa haikuguswa, ila kuna efekti iliyoongeza mwangaza hata mahali pasipo na kitu. Hiyo ya tatu nitairudia.

Usiipime kwa macho juu ya tabaka jeusi, kwa sababu weusi huficha makosa yote. Weka chini ya waimbaji tabaka la rangi moja inayopiga kelele, chungwa au waridi kali, kisha zima efekti zote na uziwashe moja moja kwa mpangilio wake. Ile ambayo ikiwashwa chungwa linapotea ndiyo mhusika. Programu nyingi pia zina namna ya kuonyesha alfa peke yake kama picha ya nyeusi na nyeupe. Kwenye Shotcut kuna kichujio cha "Alpha Channel: View". Waimbaji waonekane weupe, pengine pote peusi, na ncha za nywele ziwe za kijivu laini. Skrini ikiwa nyeupe yote, alfa imeshafutwa huko nyuma.

Dawa yake inategemea unataka nini, na hapa nitakuwa na msimamo. Kwa filamu ya zamani, usiiweke kwenye tabaka la waimbaji kabisa. Chembe na mikwaruzo ni vya ukanda wa filamu, na ukanda ulipiga picha waimbaji na ufukwe kwa pamoja. Waimbaji wakiwa na chembe huku mawimbi ya Matema nyuma yao ni safi, kila mtu ataona wamebandikwa, hata kama hatajua kusema kwa nini. Iweke juu ya picha iliyokwisha kuunganishwa: kwenye Shotcut ni vichujio vya Output, kwenye Kdenlive ni efekti za Master, kwenye After Effects au Premiere ni tabaka la marekebisho (adjustment layer) lililo juu ya yote. Pale juu hakuna uwazi wa kupoteza, kwa hiyo hata efekti mbovu haikudhuru. Nimeona watu wakihangaika siku nzima kulinda alfa mahali ambapo alfa haikuwa na kazi.

Kwa efekti nyingine unaweza kubadilisha mpangilio, ukaiweka kabla ya kutoa kijani. Kusafisha chembe za kamera, kwa mfano, kunapaswa kufanyika kabla. Kijani kikiwa shwari kinatoka vizuri zaidi. Lakini chochote kinachobadilisha rangi kitabadilisha na kitambaa, na ukataji wako utaharibika. Ukungu nao usiuweke kabla, maana utachanganya kijani na majoho, na hapo kijani hicho hakitoki tena.

Inabaki hali ambayo unataka efekti kwa waimbaji tu, baada ya kuwakata, na efekti yenyewe inakula alfa. Hapo unaitoa alfa na kuiweka pembeni, unaipitisha rangi kwenye efekti, kisha unairudisha alfa mahali pake. Kwenye FFmpeg amri ni hii:

ffmpeg -i waimbaji.mov -filter_complex "[0:v]format=rgba,split[a][b];[a]alphaextract[m];[b]format=rgb24,noise=alls=12:allf=t[c];[c][m]alphamerge[v]" -map "[v]" -map 0:a? -c:v prores_ks -profile:v 4444 -pix_fmt yuva444p10le tayari.mov

Neno alphaextract linaichomoa alfa kama video ya nyeusi na nyeupe, alphamerge linairudisha. Katikati, nilipoandika noise, weka kichujio unachokitaka. Kwenye programu yenye madirisha unafanya jambo hilohilo kwa kunakili tabaka la waimbaji: nakala moja inabeba efekti, nyingine isiyoguswa inakuwa maski yake, yaani umbo linalosema wapi paonekane na wapi pafichwe.

Lakini njia hii ina sharti. Inafaa kwa efekti inayobadilisha rangi ya pikseli na kuiacha pikseli pale ilipo. Efekti ikitikisa picha, ikiikuza, ikiizungusha au ikiipinda, mwimbaji atasogea na maski itabaki ilipokuwa. Utaona mkono umekatwa na pembeni yake pengo lenye umbo la mkono. Kwa efekti za kusogeza, alfa lazima isogee pamoja na rangi, basi tafuta efekti inayoijua alfa au fanya msogeo kwa zana ya kawaida ya kuhamisha tabaka.

Pia kuna jambo zuri ambalo watu hulipita. Kati ya hesabu za Porter na Duff, tunayoitumia kila siku ni ya kuweka kitu juu ya kingine. Nyingine huweka rangi mpya pale tu ambapo chini yake pana kitu tayari, na alfa ya matokeo inabaki ileile ya chini. Kwenye programu zinazoionyesha kwa jina huandikwa "atop". After Effects wanayo kama swichi ndogo ya herufi T kwenye kila tabaka, ya kulinda uwazi wa tabaka zilizo chini. Ukitaka mwanga wa jioni upite kwenye majoho, au maua ya kitenge yaonekane kwenye vitambaa walivyojifunga kichwani, weka mwanga au maua hayo kama tabaka la juu kwa hesabu hii, na kila kilicho nje ya miili hakitaguswa. Kumbuka tu kwamba uwazi wa chini ni wa vyote vilivyo chini: ufukwe ukiwa humohumo kwenye mpangilio mmoja, umeshajaza skrini na hakuna uwazi wa kulinda. Kwanza wafunge waimbaji na mwanga wao kwenye kifurushi kimoja, kisha kifurushi hicho ndicho ukiweke juu ya Matema.

Sasa pindo la kijivu. Fuatana nami kwenye hesabu, ni ya darasa la sita.

Kuna namna mbili za kuhifadhi pikseli yenye uwazi. Chukua nyekundu iliyoziba nusu. Namna ya kwanza huandika 1, 0, 0 na alfa 0.5: rangi inasemwa kamili, na alfa inakaa kando ikisubiri. Hii naiita alfa nyoofu. Namna ya pili huizidisha rangi kwa alfa kabla ya kuihifadhi, ikaandika 0.5, 0, 0 na alfa 0.5. Hii ni alfa iliyozidishwa. Porter na Duff walichagua hii ya pili, na walikuwa na sababu.

Tazama ncha ya joho jeupe. Pikseli ya joho ni 1, 1, 1 na alfa 1. Jirani yake ni pikseli tupu, 0, 0, 0 na alfa 0. Ukungu, kwa ufupi, ni wastani wa majirani. Efekti ikichukua wastani kwenye alfa nyoofu, inapata rangi 0.5 na alfa 0.5. Ilaze pikseli hiyo juu ya wingu jeupe la Matema: 0.5 mara 0.5 ni 0.25, jumlisha nusu ya weupe wa wingu, 0.5, unapata 0.75. Joho ni jeupe, wingu ni jeupe, na katikati yao pametokea kijivu. Hicho ndicho ulichokiona. Weusi wa pikseli tupu, ambao haukupaswa kuhesabiwa kama rangi ya kitu chochote, umeingizwa kwenye wastani.

Rudia kwa alfa iliyozidishwa. Wastani ni rangi 0.5 na alfa 0.5, namba zilezile, ila sasa rangi imeshazidishwa na haizidishwi tena. Juu ya wingu: 0.5 jumlisha 0.5 ni 1. Weupe, weupe, weupe. Pikseli tupu imechangia utupu tu.

Kwa hiyo kila efekti inayochanganya majirani, yaani ukungu, mng'ao, kunoa, kupunguza ukubwa, kuzungusha, ifanyike kwenye alfa iliyozidishwa. Kama programu yako inahifadhi nyoofu na efekti ya ukungu haijui kujizidishia, zidisha mwenyewe kabla na ugawanye baadaye. Blender ina nodi ya kazi hiyo, Alpha Convert. Kwenye programu isiyo na zana hiyo, jaribu efekti nyingine ya ukungu kwenye orodha. Mara nyingi zipo mbili au tatu zilizoandikwa na watu tofauti, na moja kati yao hufanya hesabu sahihi. Pindo likiwa la kijani badala ya kijivu, ugonjwa ni huohuo, ila chini ya alfa yako mlikuwa na kitambaa badala ya weusi.

Rangi inataka kinyume chake. Kurekebisha mwangaza, kuongeza joto la rangi, kupaka jedwali la rangi (LUT), hayo yafanyike kwenye alfa nyoofu. Ukiongeza mwangaza kwa 0.1 kwenye alfa iliyozidishwa, pikseli tupu inageuka 0.1, 0.1, 0.1 na alfa 0. Kwenye hesabu ya kulaza, rangi hiyo inaongezwa juu ya ufukwe ingawa alfa inasema hakuna kitu, na ndio ule mstatili wa utando mweupe niliokutajia. Pikseli za nywele nazo hupata rangi isiyolingana na kichwa. Ndiyo maana zana za rangi za Fusion ndani ya DaVinci Resolve zina kisanduku cha kugawanya kabla na kuzidisha baada. Ukirekebisha rangi ya kitu kilichokatwa, kiwashe. Kwenye ile amri yangu ya FFmpeg hutahitaji kufikiria hili, kwani FFmpeg kwa kawaida huichukulia alfa kuwa nyoofu.

Kuzidisha mara mbili ndilo kosa lililoniuma mimi. Miaka ya nyuma nilitengeneza nembo ya kipindi kwa kituo kimoja cha televisheni. Faili langu lilikuwa limezidishwa, mashine yao ikaambiwa ni nyoofu, ikazidisha tena. Pale palipokuwa na nusu pakawa na robo, na nembo ikaenda hewani na pindo jeusi kuzunguka kila herufi kwa wiki nzima. Hakuna aliyeharibu kitu. Hakuna tu aliyeuliza. Tangu siku hiyo jina la kila faili ninalotoa linasema kama ni nyoofu au limezidishwa. PNG kwa kanuni zake ni nyoofu. OpenEXR kwa desturi imezidishwa. MOV inaweza kuwa yoyote, na programu inayoipokea hukisia. After Effects ina dirisha la kuiambia, usiiache ikisie.

Fanya kazi hizi kwa biti 16 au zaidi kama programu inaruhusu. Ukigawanya rangi kwa alfa ndogo sana kwenye biti 8, unabaki na hatua mbili tatu za rangi, na nywele hugeuka madoa.

Umeuliza ufanyeje uwazi usipotee. Kuna efekti ambazo ukiulinda uwazi kwa nguvu unaziua. Mng'ao ni mwanga unaotoka nje ya mwili. Ukirudisha alfa ya zamani baada ya mng'ao, utaukata mwanga kwa mkasi palepale kwenye bega. Ukungu nao lazima utawanye alfa pamoja na rangi, la sivyo utapata mwimbaji laini ndani ya umbo lenye ncha kali. Hapo alfa mpya ndiyo sahihi, iache. Kwa mng'ao ni vizuri zaidi kuutengeneza kama tabaka lake, lenye nakala ya waimbaji iliyotiwa ukungu, na kulijumlisha juu ya ufukwe. Mwanga huongeza na hauzibi. Alfa iliyozidishwa inaweza hata kuubeba ndani yake, pikseli yenye rangi na alfa 0, jambo ambalo nyoofu haiwezi kwa sababu rangi yoyote mara 0 ni 0.

Kivuli vilevile ni tabaka lake. Chukua alfa ya waimbaji, ipake nyeusi, ilaze mchangani kufuata upande wa jua la ile picha ya Matema, itie ukungu unaozidi kadiri inavyoachana na miguu, na uipunguze hadi theluthi hivi. Iweke kati ya ufukwe na kwaya. Kwa waimbaji 14 waliosimama ukumbini kwenye taa za dari, kivuli hicho kitakusaidia kuliko efekti yoyote uliyoitaja.

Sasa MP4. Faili ya kawaida ya MP4 yenye H.264 haina mahali pa namba ya nne. Hata kazi yako iwe safi vipi, ukitoa hivyo waimbaji watalazwa juu ya weusi na mlango utafungwa. Kinachobeba uwazi ni MOV ya ProRes 4444, lakini ProRes 422 haibebi, watu huzichanganya. Au mfululizo wa picha za PNG, fremu moja faili moja. Au WebM ya VP9, iliyo nyepesi zaidi. Kdenlive ina fungu la video zenye alfa kwenye orodha yake ya kutoa faili. Ukichagua mwenyewe kwa mkono, hakikisha muundo wa pikseli una ile herufi a, mathalani yuva444p10le. ProRes 4444 inaweza kutoka bila alfa na usijue. Na ukiifungua WebM hiyo kwa FFmpeg, andika -c:v libvpx-vp9 kabla ya -i, kwa kuwa kisomaji chake chenyewe cha VP9 huiruka alfa. Nimeona watu wakilitupa faili zima wakidhani limeharibika.

Angalia pia uzito. ProRes 4444 ya 1920 kwa 1080 kwa fremu 30 hula takribani megabiti 330 kwa sekunde, bila kuhesabu alfa. Dakika moja ni karibu gigabaiti 2.5, wimbo wa dakika tano unapita 12. Kuzituma kwa bando ni kuumia. Kama ni lazima uwazi usafiri kwa faili nyepesi, toa MP4 mbili za urefu mmoja: moja ya rangi, nyingine ya alfa kama nyeusi na nyeupe, mwenzako aitumie ya pili kama maski ya ya kwanza. Vituo vya televisheni hupitisha michoro yao kwa jozi ya namna hiyo kila siku. Ukandamizaji utakula kidogo ncha za nywele, kwa hiyo usibane sana ile ya alfa.

Ila mwenzako anaweka maneno ya wimbo, na maneno yanakaa mbele ya kila kitu. Hahitaji waimbaji waliokatwa. Mpe MP4 iliyounganishwa na Matema yake, nyepesi, aandike juu yake. Au, ambavyo ningependa zaidi, akutengenezee maneno kama PNG zenye uwazi, mstari mmoja wa wimbo picha moja, akutumie hata kwa simu kama hati, asizitume kama picha maana huko zinageuzwa JPEG na uwazi unafia njiani. Ukizipokea, ziweke kwanza juu ya lile tabaka la chungwa, ukaribie ukingo wa herufi, ndipo uziweke kwenye wimbo.